Nimefunga, Bwana

Mupishi anajifunza kwanza kutema, kupika kunakuja nyuma. Mucheke tu, ninyi vijana munaopika siku hizi kwenye vibanda vya barabarani hapa Muheto. Nimewaona munavyoonja mchuzi: kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu munachomoa na kipande cha nyama, eti kujua kama imeiva. Sufuria inamfikia mteja imebaki nusu. Mimi nilipikia wazungu tangu ndevu zangu zingali manyoya mpaka zikawa nyeupe, na somo langu la kwanza lilikuwa hili: weka tone kwenye ncha ya ulimi, tulia, tema pembeni, suuza mdomo. Ulimi njo unaonja. Koo halina kazi jikoni.

Munaniuliza kwa nini nilitema hata nilipokuwa peke yangu. Basi leo nawaeleza, maana aliyenifundisha alishakufa, na aliyekuwa akila kwa niaba yangu alishakufa pia, na mimi mwenyewe sasa natafuna kwa upande mumoja tu.

Jina langu ni Amisi. Wazee wangu walitoka Maniema, upande wa Kasongo, Waislamu munaowaita Bangwana. Nilizaliwa siku ya Alhamisi, njo maana ya jina. Aliyenipa mwiko mkononi alikuwa Fundi Saleh, Mungwana kama sisi, mupishi kwenye shamba la ng'ombe la muzungu kule Karuba, milimani, fasi ambayo baridi inakufanya upende moto kuliko bibi yako. Fundi Saleh alikuwa mufupi, mukali, na sikio lake moja lilikuwa limekufa. Kwa lile lililobaki alidai anasikia chumvi. Naapa! Aliinamisha sikio juu ya supu, akafumba macho, akasema, "Bado kidogo." Akaongeza, akasikiliza tena. Nilikaa naye miaka, nikainamisha masikio yangu yote mawili, sikusikia kitu isipokuwa supu inachemka. Lakini chumvi yake haikukosea.

Sasa, huyu Fundi Saleh kila Jumatatu na kila Alhamisi hakula mchana. Nilichelewa sana kumujua, kwa sababu siku hizo asubuhi alijipaka mafuta ya mawese midomoni, mdomo unang'aa, unadhani muntu ametoka kumaliza kuku. Siku nilipomukuta anajipaka, alinikamata sikio.

"Ramadhani ni amri," aliniambia. "Kila muntu anajua unafunga, hata mbuzi wanajua. Lakini hii nyingine hakuna aliyekuamuru. Ni siri ya wawili, mimi na Mola wangu. Sasa wewe umejiingiza, umekuwa wa tatu. Basi na wewe funga, siri irudi nyumbani kwake."

Njo vile nilianza, kwa kukamatwa sikio.

Alhamisi yangu ya kwanza nilikuwa mucha Mungu kuliko Mungu anavyotaka. Nilikataa hata kugusa mchuzi kwa ulimi. Nilitia chumvi, nikasahau, nikatia tena. Madamu wa shamba alikunywa vijiko viwili vya ile supu, akamaliza jagi la maji, halafu akanywa na maji ya chombo cha maua. Fundi Saleh alinifukuza na mwiko kuzunguka zizi la ng'ombe.

"Mungu amekuomba njaa yako!" alipiga kelele. "Hakukuomba chumvi ya watu!"

Alipochoka kukimbia tulikaa kwenye kuni, akanifundisha mambo ambayo mpaka leo sijayaacha. Kwamba mwenye kazi ya kupika anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Kwamba uso haukunjwi, njaa yako si habari ya watu. Na kwamba funga hii ya hiari wewe mwenyewe njo sultani wake. Muntu akikuletea chakula kwa moyo na ukaona kukataa kutamuumiza, fungua, kula naye, siku nyingine ziko. "Ila usifungue kwa woga," alisema. "Ukifungua kwa woga, yule uliyemwogopa njo sultani." Hayo niliyashika kwa kichwa. Kwa tumbo niliyashika baadaye sana, kule msituni.

Maana nilihama. Nilioa Zaina, nikatafuta kazi kubwa zaidi, nikaipata upande wa Walikale, kambi moja ya kuchimba mawe karibu na Mubi. Karuba unaona mbali mpaka macho yanachoka. Kule unaona muti, na nyuma ya muti kuna muti. Kuni zote mbichi. Nilijifunza kukausha kuni juu ya moto wa kuni zingine, na nguo juu ya kuni, na sisi wenyewe juu ya nguo. Mukipata kuni mbichi, vijana, pasueni katikati mutoe moyo wake, moyo njo unawaka mbele. Mafuta ya mawese, sikilizeni: yakilia bado yana maji, yakinyamaza tia vitunguu. Hilo hata mimi nalisikia.

Kambini kila kitu kilikuwa cha kambi. Asubuhi wanapiga kipande cha chuma, unaamka. Mlango wa nyumba una namba. Siku ya posho wanapima unga, wanapima chumvi, wanamutazama bibi yako kama kweli yuko. Hata kuugua kulikuwa na saa yake: ukiugua nyuma ya chuma kulia, wewe ni muvivu. Nililala usiku nikijiuliza, Amisi, kitu gani hapa ni chako? Nikapata vitu viwili, Jumatatu na Alhamisi. Njaa ya siku hizo hakuna aliyenigawia, hakuna aliyeweza kunikata. Nilikuwa ninafurahi nayo, nawaambia kweli. Nilikuwa nawapikia watu nyama huku moyoni nacheka.

Mukubwa wa kambi tulimwita Bwana Risini. Jina lake la kwao silitaji. Risini ni yale mafuta ya mbarika, mazito, ya kufungua tumbo, na yeye aliyaamini kuliko padri anavyoamini msalaba. Kichwa kinauma? Risini. Umeanguka kwenye shimo? Risini. Kiswahili chake alikuwa amekiokota fasi mbili, dispanseri na gereza, alikofanya kazi mbele ya kuja kwetu. Kwa hiyo kwake neno "kufunga" lilikuwa na maana mbili tu: kuna muntu yuko ndani, ao kuna kitu hakitoki.

Sasa Jumatatu moja alikuwa na furaha, sijui juu ya nini. Akanikatia kipande cha mkate wake mwenyewe, na siagi juu. Nikasema kwa heshima zote, "Aksanti, Bwana, lakini nimefunga."

Uso wake ulijaa huruma. "Oo, Amisi! Tangu wakati gani?"

"Tangu alfajiri, Bwana."

"Na weye hapana sema!" Akaleta chupa. Nilijaribu kumueleza. "Ni juu ya Mungu, Bwana," nilisema. Akajibu kwamba Mungu hana kosa, ni mihogo njo inafunga watu. Akanishika pua kwa mukono wake mwenyewe, kijiko kikaingia. Wee! Muchana ule sikupika kitu. Nilikuwa nakimbia kati ya jiko na choo cha nyuma, na kila nikipita barza Bwana anapiga makofi.

Alhamisi alikuwa ananingoja na chupa. "Umefunga?" Muislamu atasema uongo siku aliyofunga? Nikanyamaza. Kunyamaza, kumbe, kwake ni dalili ya ugonjwa. Risini! Jumatatu, Risini. Likizo nilipanda Karuba kumuuliza Fundi Saleh kama funga ya muntu aliyeshikwa pua ni nzima. Alinisikiliza kwa sikio lake zima, akacheka mpaka akalala chini. Akasema aliyelazimishwa hana kosa, funga yangu iko, ila nisiende mbali na choo.

Kambi nzima ikaamini hii njo dini ya Bangwana. Kijana mumoja wa kupanga mawe alikuwa ameanza kuniuliza namna ya kusali, mwenyewe kwa hamu. Akaja jioni akanishika mukono. "Papa Amisi," alisema, "dini yenu iko muzuri. Lakini mafuta ile, mara mbili kwa juma, mimi sitaweza." Akabaki Mukatoliki.

Aliyejua kweli alikuwa muntu mumoja, Petero. Petero alikuwa Munyanga, kabila la msitu ule, muwindaji wa nyavu, Mukristo wa kuimba kwa sauti kubwa, na kazi yake ilikuwa kupeleka sahani mezani kwa Bwana. Nilimwambia kwa sababu chakula changu cha muchana lazima kiende kwa muntu. Kilipokwenda kwake hakikurudi. Mwanzoni tulikosana kidogo: nilimwambia Jumatatu, naye kambini siku hiyo inaitwa siku ya kwanza, akahesabu vidole, akasema tatu ni tatu, akaja kuchukua sahani yangu siku ya tatu, nami siku hiyo nina njaa ya kawaida ya binadamu. Karibu tupigane.

Petero hakushangaa hata kidogo kwamba muntu anajinyima. Kwao wanaume wakitaka kwenda na nyavu wanajinyima mbele. Hawalali na bibi, kuna chakula hawagusi, hawasemi ovyo. Kilichomushangaza ni kwamba mimi sikuenda msituni.

"Kaka Amisi," aliniuliza huku anatafuna sahani yangu, "kwetu muntu anajinyimaka juu ya nyama. Weye uko unawinda nini?"

"Siwindi kitu, Petero. Ni juu ya Mungu."

"Mungu ni sawa. Lakini nyama gani?"

Kila juma aliniuliza, na kila juma nilitoa jibu la madrasa, naye alilisikiliza kwa adabu akachukua mfupa mwingine. Unawinda nini? Wakati mwingine usiku nilijiuliza mwenyewe, nikakosa.

Basi Bwana Risini akawa hanisumbui tena kwa mafuta, maana nilijifunza kumukimbia saa ya chai. Kukawa kimya. Na kimya njo kilileta mambo. Kulitokea habari barabarani, kwamba kambi fulani mupishi ametia bwana wake sumu. Kambi gani, hakuna aliyejua. Labda haikuwepo. Lakini Bwana alianza kunichungulia, na alichoona kilimutia baridi: siku mbili kila juma mupishi wake anapika, anatia chakula mdomoni, anatema, na chakula chake mwenyewe hakigusi. Mungekuwa ninyi mungefikiri nini?

Akaniita kwenye barza. "Siku ya ine mugeni anakuja," alisema. "Mutu ya Mungu. Weye utaonja yote mbele yetu. Utameza. Kama hapana meza, naita polisi, unakwenda gereza ya Walikale."

Siku ya ine! Njo Alhamisi. Nilikwenda nyumbani. Munajua muntu wa kambi akipelekwa gereza, bibi yake anatolewa katika nyumba siku hiyohiyo. Zaina tumbo lilikuwa limeshuka, tulikuwa tunangoja siku. Yaani Zaina karibu kujifungua, mimi karibu kufungwa, na yote juu ya kufunga. Nilimueleza, akaweka mikono kiunoni.

"Kula, baba mutoto! Ni sunna, si faradhi. Mungu atakuwa na hasira juu ya paja ya kuku?"

"Mungu hatakuwa na hasira."

"Sasa?"

"Nikimeza kwa kuogopa huyu muzungu, tangu siku hiyo yeye njo anajua saa yangu ya kufungua. Kitabaki nini chetu hapa, Zaina? Hata mlango wetu ni namba."

Akashusha mikono. Halafu akasema, "Basi pika vizuri. Kama ni kufungwa, wafunge mupishi, si muharibifu." Nilimupenda siku ile kupita siku nilipomuoa. Alhamisi alikuja kukaa mlango wa jiko, na tumbo lake mbele, akimenya viazi ambavyo sikuvihitaji.

Nilipika nikisahau yote. Supu ya vitunguu, kuku wa mawese, wali, viazi vya Karuba vilivyoletwa na kamioni, na mayai ya maziwa na sukari, yale ya kutikisika. Nilionja kwa ulimi, nikatema nyuma ya jiko. Asubuhi nilikuwa nimejipaka mafuta midomoni kama kawaida yangu.

Mugeni akafika kwa miguu, matope mpaka magotini, mtumishi wa Injili kutoka nchi moja ya theluji, hata Kifaransa hakujua. Na Bwana Risini hakujua lugha ya mugeni. Wazungu wawili, batoto yangu, na hakuna lugha ya kuwaunganisha ila Kiswahili chetu! Mumoja alikitoa gerezani, mwingine katika Biblia. Petero ilibidi atazame ukuta ili asicheke.

"Na tuketi, ee ndugu," alisema Pasteri.

"Kaa! Kula!" alisema Bwana.

Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la supu, nikamutazama yule Pasteri. Nywele zake zilikuwa zimechanwa na kupakwa mafuta, zinang'aa, kwa muntu aliyelala njiani katika matope. Uso mucheshi, mucheshi kupita kiasi. Na aliposikia harufu ya vitunguu, koo lake lilipanda likashuka. Yoo! Nilimujua. Niliishi na Fundi Saleh, ningekosaje kumujua?

"Amisi," alisema Bwana. "Onja. Meza."

"Bwana, leo nimefunga."

Alipiga meza. "Tena? Mafuta yote ile mimi natia weye, iko wapi?"

Pasteri akainua kichwa. Nilimuona anahangaika, kama muntu anayetoa kitu alichokificha. "Tazama," alisema polepole, "hata mimi nimefunga."

Bwana aligeuka. "Weye pia? Tangu wakati gani?"

"Tangu jana, jua kuchwa."

"Jana?" Bwana alipumua. "Jana hapana kitu! Huyu Amisi karibu mwaka."

Pasteri alinigeukia, macho yakamujaa machozi. "Mwaka!" alisema. "Ewe mtu wa Mungu!" Nilishika bakuli langu.

Bwana alikuwa ameshaingia chumbani. Akarudi na chupa na kijiko. "Mafuta," alimwambia mugeni kwa upole. "Juu ya kufunga."

Uso wa Pasteri uling'aa. Kwao katika Biblia mwenye kufunga anajipaka mafuta kichwani. Akachovya vidole katika kijiko, akajipaka Risini utosini, pande zote mbili, mpaka nyuma ya masikio. "Asante, ndugu," alisema. "Nani aliyekufundisha desturi hii?"

Bwana Risini alibaki na kijiko hewani. Alitazama kile kichwa kinachotiririka. Akatazama supu yangu, moshi wake unakwenda moja kwa moja puani mwa mugeni. Nikaona akili yake inatembea, inafika fasi mbaya. Mugeni hajakula, amenusa tu, na ameshapata wazimu!

"Sumu!" alipiga kelele. "Sumu ya harufu! Polisi!" Akaziba pua. "Petero! Kaa! Kula weye!"

Petero akakaa. Kwenye kiti cha Bwana, na leso ya meza shingoni. Siku zile, vijana, ilikuwa jambo la kuona mara moja na kufa. Alikula supu. Bwana akamutazama, anangoja aanguke. Petero hakuanguka. "Kula kuku!" Akala kuku. "Kula wali!" Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini siku ile aliyepona alikuwa Petero peke yake. Alikula viazi, akarudia kuku, akala yale mayai ya kutikisika, na pembeni watu watatu wamesimama hawagusi kitu, mumoja kichwa kinachuruzika mafuta.

Halafu mukono wake ukaanza kwenda polepole. Petero hakuwa mujinga. Alimutazama Bwana, akamutazama Pasteri, akanitazama mimi. Kwa nini hawa wote hawakuli?

"Kaka Amisi," alisema, sauti ndogo. "Iko nini mu hii kuku?"

"Iko chumvi na mawese, Petero."

"Sasa juu ya nini weye haumezi?"

Nilifungua mdomo kumujibu. Na tumbo lake, lililobeba chakula cha watu wanne, likalia. Petero akadondosha kijiko. "Mama weee! Imeanza!" Akashuka chini, akapiga magoti, akaanza kuungama kwa sauti yake ya kuimba. Kwamba sukari ya Bwana yeye njo anailambaka. Kwamba alimutamani bibi ya kapita, musimamizi wa kazi, mara mbili, kwa macho tu. Kwamba tangu mwaka uliopita anakula sahani ya Mungwana na hajawahi kusema aksanti. Pasteri naye akapiga magoti karibu yake, akamuombea kama muntu anayekata roho, Risini inamudondokea Petero begani.

Polisi wa kambi akaingia na kamba. Bwana alininyoshea kidole. "Funga Amisi!"

"Amisi amekwisha kufunga, Bwana," alijibu polisi. "Leo si siku ya ine?"

"Kwa kamba, mupumbavu!"

Polisi akanishika mukono. Zaina alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni, kisu cha viazi mukononi. Nami nilikuwa mugumu kama kuni mbichi. Nilisema moyoni, nifungeni, sitameza, hii moja hamuichukui. Nilikuwa najivuna, nawaambia kweli, nilikuwa najiona mukubwa.

Petero akanitazama kutoka chini. Mashavu yake yamelowa, mchuzi kwenye kidevu. "Kaka," alisema, "niko nakufa? Weye hauwezi kunidanganya, leo umefunga."

Yule muntu aliniamini. Aliamini njaa yangu kuliko alivyoamini tumbo lake mwenyewe. Na mimi naiacha njaa hiyohiyo imuue kwa woga! Moyo wangu ulivunjika. Nilimukumbuka Fundi Saleh juu ya kuni, anahema, ananiambia nani sultani. Nikauchomoa mukono wangu kwa polisi, nikakaa chini kwenye sakafu karibu na Petero, nikachukua paja la kuku aliloacha nusu katika sahani yake. Bismillahi. Nikauma, nikatafuna, nikameza, akiona koo langu.

"Haukufi," nilimwambia. "Umeshiba. Hujawahi kushiba hivi, njo maana huijui shibe."

Alinitazama mdomo. Nikauma tena. Pole kwa pole uso wake ukarudi. Pasteri alikuwa anatutazama. Akanitazama mimi, akatazama mfupa, nikaona ameelewa yote, tangu mwanzo, bila Kiswahili. Akanyosha mukono, akachukua bawa. "Na mimi," alisema, akala.

Halafu Bwana Risini akaitupa kofia juu.

"Imefungua!" alilia kwa furaha. "Amisi amefungua! Pasteri amefungua! Wote wawili!" Akaibusu chupa yake. Alimufukuza polisi na kamba yake, akakaa, akatafuta kuku kwenye sinia. Palikuwa na shingo. Akala shingo na wali uliokauka chini ya sufuria, akasema haijapikwa supu kama hii Kongo nzima. Mpaka alipohama alisimulia wageni wote jinsi mafuta yake yalivyomufungua mupishi aliyefunga mwaka, na muhubiri kwa kupaka tu juu ya kichwa.

Pasteri alipita jikoni kuniaga. Hakuniuliza nilifunga juu ya nini, nami sikumuuliza. Alinuka Risini vibaya sana. Tulishikana mikono, tukacheka, akaenda zake na matope yake.

Nilibaki nyuma ya jiko na Petero, tunaosha sahani. Zaina amekaa kwenye kigoda, anashika kiuno, anasema labda ni leo. Ilikuwa kweli ni leo, lakini hatukujua bado. Petero alikuwa anafuta bakuli lilelile muda murefu.

"Kaka Amisi. Mwaka muzima unawinda. Leo umeacha nyama ikimbie, juu yangu."

"Haikukimbia, Petero. Leo njo nimeikamata."

Aliweka bakuli chini, akafuta mikono kwenye ile leso ya meza ambayo bado ilikuwa shingoni mwake.

"Ile ya kwenye sahani yangu?"

"Hiyo."

"Aa," alisema, akatikisa kichwa kama muntu ambaye hatimaye amejibiwa. "Njo vile. Kwetu nyama ya wavu haikuliwake na muntu mumoja."